Mtoto wa Kuazima

Septemba 4

Daftari hili nimepewa bure. Wilaya ilituletea mgeni kutoka Minneapolis, kijana mwenye viatu vya ngozi na asiyevaa soksi, akatukalisha siku nzima ukumbini, kisha akatugawia walimu kila mmoja daftari moja. Akasema tuandike safari yetu ya utofauti mpaka Krismasi, na hakuna atakayesoma. Nilipomsimulia Verlyn akacheka mpaka kahawa ikampalia. "Safari gani, mke wangu? Tangu tuoane hujavuka mto."

Nyoo. Yeye amekaa na mahindi yake na soya zake, anajua nini? Mimi ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Utofauti ya shule, mwaka wa sita huu. Nilipoanza kufundisha hisabati hapa, darasa zima walikuwa wajukuu wa Wanorwei na Waholanzi, nusu yao binamu zangu. Kiwanda cha kuchinja bata mzinga kilipopanuliwa, dunia ikaja. Sasa nina Wakaren kutoka mpaka wa Burma, Wasomali, Waguatemala. Walimu wenzangu wengine walinuna. Mimi sikununa. Naandika hapa bila haya: najivunia.

Septemba 9

Joto. Feni ya darasani imekufa.

Septemba 17

Leo ilikuwa siku ya picha za kijitabu cha shule, kile kinachotumwa kila nyumba mjini na kuwekwa kwenye benki na kliniki. Bwana Dale Hoekstra, mkuu wa shule, alimleta mpiga picha moja kwa moja kwenye darasa langu la juu la hisabati, kipindi cha pili, maana lina mwanga na vifaa vipya. Yule mpiga picha akachungulia kwenye kamera, akainua kichwa, akachungulia tena.

"Bi Tveit," akasema, "samahani, lakini hapa naona watoto wa familia moja."

Nikawatazama. Ishirini na wanne, vichwa vya nywele za rangi ya majani makavu. Kila siku nawaona, lakini leo ndiyo niliwaona. Hoekstra akanigeukia: "Lorna, wewe ndiwe mwenyekiti. Fanya mambo."

Nikafanya mambo. Nilikwenda mbio mpaka darasa la kawaida, lile la upande wa pili wa ukumbi wa michezo ambalo nalifundisha mwenyewe kipindi cha tatu, nikamwomba mwalimu aliyekuwa nao saa ile aniazime wawili. Nikachukua Liban, mvulana wa Kisomali, kwa sababu anatabasamu vizuri, na Hsa Mu Paw, msichana wa Kikaren ambaye hasemi neno, kwa sababu siku hiyo alivaa shati la kufumwa la kwao, jekundu. Njiani Liban akaniuliza, "Mwalimu, hiyo picha ina chakula?"

"Ina sifa, mwanangu."

"Aa. Ningekuwa nimebaki basi."

Nilimwondoa Anders Aamodt kwenye kiti cha dirishani, nikamkalisha Hsa Mu pale. Ubaoni palikuwa na swali la hamsini na tatu mara arobaini na saba, mfano wa somo letu. Mpiga picha akataka mtu aonekane akiandika, akamwelekeza Hsa Mu kwa kidole: "Wewe mwenye nyekundu, simama ubaoni, jifanye unakokotoa."

Mtoto hakujifanya. Alichora mstatili, urefu hamsini na tatu, upana arobaini na saba. Akakata ukanda wa upana wa tatu pembeni, akaulaza juu ya ile sehemu iliyobaki. Ukawa karibu mraba kamili wa hamsini kwa hamsini, ila konani pamebaki kipengo cha tatu kwa tatu. Akaandika 2500, akatoa 9. Akaweka kalamu chini.

Anders akasimama. "Subiri, subiri! Kumbe ndiyo maana yake! Rudia hiyo!" Wakamzunguka wote. Wamekariri kanuni ile ya tofauti ya miraba miwili tangu wiki iliyopita na hakuna aliyejua inatoka wapi, na sasa wanabishana, wanauliza kama inakubali kwa namba zisizo na katikati nzuri, mmoja anachora kwenye kiganja. Nimefundisha miaka thelathini na moja. Siku kama hizo nazihesabu kwa vidole.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Baba. Kwenye kambi ya wakimbizi alikuwa anapima mbao."

Picha zikaisha. Liban alishatoroka. Hsa Mu akabaki amesimama karibu na meza yangu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naweza kukaa mpaka kipindi kiishe?"

Nikamwambia, "Hapana, mama, utakosa somo lako huko. Rudi kwenu."

Akarudi. Anders akakaa kitini kwake.

Septemba 18

Jana nililiandika lile neno, "rudi kwenu". Nilimaanisha darasani kwao. Nimelisoma mara mbili na silipendi.

Septemba 30

Mvua. Verlyn hawezi kuvuna, ananinunia mimi kana kwamba ndiye niliyeinyesha.

Oktoba 15

Kijitabu kimetoka. Hsa Mu yuko kwenye jalada, kalamu mkononi, na chini yake maneno: Kila mtoto, kila mlango. Maneno hayo niliyatunga mimi. Hoekstra amenikumbatia mbele ya karani.

Oktoba 24

Fomu za darasa la juu. Orodha hupangwa upya kila Januari: nusu alama za mtoto, nusu maoni ya mwalimu, na atakayekuwa ndani Januari ndiye atakayeendelea na hisabati ya juu sekondari. Asiyekuwa ndani, basi tena, hakuna pa kuingilia hadi amalize shule. Fomu sitini na moja. Nimezijaza zote mezani jikoni huku viazi vikiiva na Verlyn akipigia kelele mpira kwenye televisheni. Mama yake Anders alishanipigia simu Jumatano kuniambia kijana anapitia kipindi kigumu, nisimhukumu kwa mitihani miwili. Kirsten Aamodt hupiga kila mwaka. Wanaojua kwamba simu inasaidia hupiga.

Viazi viliungua kidogo.

Novemba 6

Theluji ya kwanza. Watoto watatu wapya kutoka Guatemala walitoka nje wakaweka ndimi juu. Nilicheka peke yangu dirishani.

Novemba 13

Nitaandika yote, na nitaandika polepole.

Leo ilikuwa siku ya wazazi. Nilikuwa chumbani kwangu cha darasa la juu tangu saa nane mchana, kila mzazi dakika kumi. Kirsten Aamodt alikuja na biskuti. Karibu na saa kumi na moja mlango ukagongwa, akaingia baba mmoja mfupi amevaa mabuti ya mpira ya kiwandani, kofia ameishika mkononi. Nyuma yake Hsa Mu. Huyu ni Saw Eh Doh, baba yake. Hukata mabawa ya bata mzinga zamu ya jioni, na alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja. Hajui lugha yetu ila salamu, kwa hiyo mtoto ndiye mkalimani, kama ilivyo kwa wote hapa.

Alikuwa na kijitabu. Amekitia kwenye mfuko wa plastiki kisichafuke. Akakitoa, akakifungua juu ya meza yangu kwa mikono miwili, akatazama chumba kizima, akatazama picha, akasema kitu.

Hsa Mu akaangalia sakafu. "Anauliza..."

"Anauliza nini, mama?"

"Anauliza mimi nakaa kiti gani."

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu: bwana, binti yako hasomi chumba hiki, tulimwazima kwa picha. Midomo yangu ilifunguka. Nikaona jinsi alivyopiga pasi shati la kufanyia kazi ya kukata nyama. Na mimi, Lorna Tveit, mwenyekiti wa kamati, nikanyoosha mkono nikasema, "Kile pale, cha dirishani."

Mtoto aliinua macho akanitazama. Si kwa hasira, ningeshukuru ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akingojea kuona nitafanya nini, sasa ameona. Kisha akamtafsiria baba yake uongo wangu.

Baba akaenda akakaa kwenye kile kiti. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. Akampa binti yake simu ampige picha, akakaa wima kabisa. Alipoinuka akanipa chupa ya pilipili aliyoisaga mwenyewe, ameishika kwa mkono wa kulia na wa kushoto ameugusisha kwenye kiwiko, akasema maneno mengi.

"Anasema asante," Hsa Mu akasema. "Anasema kiwandani wote wameona kijitabu. Anasema alikuwa anaogopa kuja hapa nchi ya baridi, lakini sasa haogopi."

Nikasema karibu. Karibu! Nilimwambia mtu yule karibu.

Baada ya wao kuondoka nilifungua faili kutafuta fomu yake, maana kusema kweli sikukumbuka nimeandika nini. Alama: tisini na sita. Maoni, kwa mwandiko wangu: Mkimya. Hashiriki. Hayuko tayari bado. Hayo niliyanakili neno kwa neno kutoka fomu ya mwalimu wake wa mwaka jana, ili niwahi viazi. Yaani nilimwona kwa macho yangu akiwafundisha watoto ishirini na wanne jambo ambalo mimi nimeshindwa kuwafundisha, na wiki tano baadaye nikaandika hashiriki. Fomu ya Anders: sabini na nane. Ana uwezo mkubwa, familia inamsaidia.

Hsa Mu amekuwa na familia inayomsaidia tangu mbao za kambini. Ila haikunipigia simu.

Novemba 14

Nimeshindwa kula. Verlyn amepaka ile pilipili kwenye mayai, akatokwa na machozi, akaisifu. Nikamweleza yote. Akaendelea kutafuna kwa muda, kisha akasema, "Umekula pilipili ya mtu, Lorna."

"Wewe ndiye uliyekula!"

"Mimi sikumdanganya."

Novemba 17

Nilikuwa nizungumze na Hoekstra leo. Sikuzungumza.

Novemba 18

Hivyo hivyo.

Novemba 20

Kipindi cha tatu Hsa Mu aliniletea kazi yake kama kawaida, akaiweka mezani, akasema "asante mwalimu". Adabu yake inanichoma kuliko tusi. Nilitaka kumwambia kitu, nikaishia kumwambia kalamu yake inavuja.

Novemba 27

Sikukuu ya Shukrani. Dada zangu na watoto wao wote wamekuja, watu kumi na tisa. Tulipozunguka meza kila mtu aseme anachoshukuru, nami zamu yangu ikafika, mbele yangu amelala bata mzinga wa sikukuu, mabawa yamekatwa safi, na nikajua kabisa yamekatwa wapi. Nikasema nashukuru kwa afya. Dada yangu akaniambia, "Lo, mwaka huu umekuwa mfupi wa maneno."

Desemba 2

Wilaya imekipa kijitabu chetu ngao. Walinisimamisha mkutanoni wakanipigia makofi. Nilitabasamu. Nina shavu la mpumbavu, linatabasamu lenyewe.

Desemba 4

Nimezungumza na Hoekstra. Nilifunga mlango nikamwambia fomu ya Hsa Mu Paw nimeikosea, nataka kuibadilisha.

"Lorna bwana, orodha imeshakwenda."

"Irudishe."

"Kuirudisha kunahitaji barua. Lazima uandike sababu, na sababu itakuwa mwalimu alitoa maoni bila kumwangalia mtoto. Barua hiyo inakaa kwenye faili lako. Umebakiza miaka mingapi ustaafu, mitatu? Na unataka nimtoe nani? Nafasi ni ishirini na nne. Nikimtoa Anders, Kirsten atakuwa hapa kabla sijakaa." Akashusha sauti. "Mtoto mwenyewe hajalalamika. Kwao wameridhika, baba kaja hapa anacheka. Unataka kuvuruga nini?"

Aibu ni kwamba mimi mwenyewe nilishayasema maneno hayo moyoni, karibu hivyo hivyo. Wiki tatu nimejiambia kule juu atakuwa mpweke, atalia, afadhali akae na wenzake. Nilikuwa nauita huruma. Niliposikia yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine ndipo nikajua harufu yake.

"Ongeza kiti," nikamwambia.

"Sheria ya wilaya..."

"Siku ya picha tuliongeza viwili, Dale. Hakuna aliyetutajia sheria."

Akasema lete barua, ataona.

Desemba 5

Barua nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilisema "kutokana na wingi wa kazi". Ya pili "kutokana na kupitiwa". Ya tatu ilikuwa nzuri mno, ilinifanya mimi nionekane shujaa, nikaichana. Ya nne ina mistari mitatu na inasema nilichofanya. Nimempa karani mkononi, kabla miguu haijanigeuza.

Desemba 10

Hoekstra hajajibu. Kirsten Aamodt ameshasikia, sijui kwa nani, mji huu kuta zake ni karatasi. Kanikuta dukani kwenye maziwa. "Lorna, wote tunawapenda watoto hawa, lakini kuna viwango."

"Ndiyo," nikamwambia, "na nimevishusha mimi, kwa kalamu yangu, miaka yote uliyonipigia simu."

Akaacha kikapu chake pale pale akaondoka. Nilijisikia vizuri kama nusu dakika. Halafu nikakumbuka kwamba simu zile nilizipokea mimi, na biskuti nilikula.

Desemba 13

Leo Jumamosi nimekwenda kwa Saw Eh Doh. Sikutaka mtoto abebe tena maneno yangu, kwa hiyo nilimlipia mkalimani wa kliniki, mama mmoja wa Kikaren anayeitwa Naw Wah Wah, mcheshi, njia nzima akinieleza habari za goti lake. Nyumba yao ni ile ya vyumba viwili nyuma ya reli. Viatu mlangoni, jozi kumi na moja nilizihesabu kwa sababu sikutaka kuinua macho. Kijitabu kilikuwa ukutani.

Wakanikalisha mahali pazuri, wakaniletea chai na maziwa ya kopo. Nikasema. Nikasema picha ilikuwa ya kuigiza, kiti kile si chake, mimi nilimdanganya usoni pake, na mimi ndiye niliyeandika kwamba mtoto wake hayuko tayari bila hata kumfikiria. Naw Wah Wah, ambaye hakunyamaza njia nzima, alitafsiri kwa sauti ya chini sana.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia maneno machache, na yule mama akachelewa kuyatafsiri.

"Anasema anajua. Anasema binti alimwambia siku ileile, ndani ya gari, kabla hawajafika nyumbani."

"Sasa kwa nini hakuniambia kitu? Kwa nini kijitabu bado kiko ukutani?"

Akajibu, akinitazama mimi, si mkalimani.

"Anasema aliona umeona haya, ukiwa mtu mzima, mbele ya mtoto. Hakutaka kukuongezea. Na picha, anasema, picha ni ya binti yake. Kilicho cha uongo ni chumba."

Nililia pale kwenye mkeka wa watu, na mke wake akaniongezea chai. Mimi nilikwenda kuomba radhi, wakaishia kunihudumia.

Desemba 16

Bado kimya. Theluji mpaka magotini. Nimefundisha kipindi cha tatu leo kama mtu anayetembea na jiwe kiatuni.

Desemba 18

Hoekstra amesaini! Alinitupia karatasi mezani bila kukaa: "Ishirini na tano. Kiti ulete mwenyewe kutoka kwako kama huna." Barua yangu imeingia kwenye faili, na ngao ya wilaya ameihamishia kabatini, amesema kwa muda. Sawa. Ibaki huko.

Nikatoka mbio, karatasi mkononi, kengele ya kipindi cha nne ikilia, korido imejaa watoto. Nikamkuta Hsa Mu kwenye kabati lake la vitabu. Nikamwambia: Januari, darasa la juu, kwa haki yako, kwa alama zako. Nikamwambia pia nisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, hata kwa kukumbatiwa, Mungu anisamehe, nilishapanua mikono kidogo.

Aliisoma karatasi yote, mbele na nyuma.

"Peke yangu?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Tumeongeza nafasi kwa ajili yako."

"Na Yadira?"

"Yadira yupi?"

Akaikunja karatasi kwanza. Mtoto huyu ana subira ambayo sikuistahili. "Yadira Coc, mwalimu. Anakaa nyuma yangu kipindi cha tatu. Kila mtihani ananipita. Nikikwama mimi namuuliza yeye."

Kipindi cha tatu ni changu. Nimesimama mbele ya darasa lile kila siku tangu Septemba, nikamkumbuka Hsa Mu, nikamlilia Hsa Mu, nikamwandikia barua Hsa Mu. Nikajaribu kuuona uso uliokuwa nyuma yake, na sikuona kitu.

"Nipeleke kwake," nikasema. "Sasa hivi. Yuko wapi?"

Hsa Mu akaelekeza kwa kidevu nyuma ya bega langu. Msichana mwembamba alikuwa anakwenda zake na vitabu kifuani, ameshatupita hatua tatu au nne.

"Yule pale, mwalimu. Amekusalimia sasa hivi."